Shati Liitwalo Kampala: Wanawake wa Abeokuta na Chungu cha Nili



Ukifika katika soko la Itoku, mjini Abeokuta, kusini-magharibi mwa Nigeria, ukaomba kuonyeshwa kampala, muuzaji hatakushangaa wala hatakuelekeza uwanja wa ndege. Atakuletea kitambaa cha pamba kilichofungwafungwa kwa kamba, kikachovywa katika rangi mbili au tatu, kisha kikafunguliwa na kuonyesha miviringo, mistari na mawingu. Shati lililoshonwa kwa kitambaa hicho nalo huitwa kampala. Sisi tunaoishi katika mji wenyewe hatuna bidhaa yoyote yenye jina hilo, na wanafunzi wangu walipolisikia kwa mara ya kwanza walicheka, wakadhani nawatania.

Kwa kawaida ukurasa huu wa nchi jirani hauendi mbali zaidi ya Kongo. Leo nimeuvusha hadi Nigeria kwa sababu ya jina hilo moja, na kwa sababu ya historia iliyo nyuma yake, ambayo ni historia ya raia kuliko ya nguo.

Kuhusu jina, maelezo yanayotolewa mara nyingi ni haya. Vita vya Biafra vilianza Julai 1967. Mwezi Mei 1968 wajumbe wa serikali ya Nigeria, wakiongozwa na Anthony Enahoro, na wajumbe wa Biafra, wakiongozwa na Sir Louis Mbanefo, walikutana Kampala kutafuta amani. Mazungumzo yalivunjika kabla ya mwezi kwisha, na vita vikaendelea hadi Januari 1970. Lakini katika siku hizo ambapo redio za Nigeria zilitaja Kampala kila saa, vitambaa vya rangi nyingi za kiwandani vilikuwa vikianza kuenea sokoni, na wafanyabiashara wa nguo wa Afrika Magharibi wana desturi ya kukipa kitambaa kipya jina la jambo linalozungumzwa. Amani haikupatikana, jina likabaki kwenye nguo.

Muhula uliopita tulitengeneza mashati hayo nyumbani kwangu. Kila mwanafunzi alileta shati jeupe la pamba, mengi yakiwa ya mivumba kutoka Owino, kama tuitavyo huku nguo ambazo Watanzania huziita mitumba. Tulichana magome makavu ya mgomba kuwa nyuzi za kufungia. Tulipokuwa tumekaa kwenye mkeka tukifunga, mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo lilizaa makala hii: “Mwalimu, kazi hii ilikuwa ya nani kabla haijawa mchezo wa wanafunzi?”

Kabla ya kumjibu, tusafishe maneno. Afrika Mashariki watu wengi huita kazi hii batiki, ingawa batiki hasa ni ile ya nta: nta huzuia rangi isiingie. Yetu huitwa batiki ya kufunga, maana kinachozuia rangi ni kamba. Wayoruba wana neno moja, adire, lililoundwa na vitenzi viwili: kufunga na kuchovya rangi. Nasi tunalo neno zuri ambalo vijana wengi wamelisahau, yaani nili, ile rangi ya buluu iliyokoza itokayo kwenye majani ya mimea fulani. Wazee wa pwani walivaa kaniki, kitambaa cha buluu iliyokaribia weusi kilicholetwa kutoka Uhindi, na kaniki ilitiwa rangi kwa nili. Kwa hiyo, usomapo hapa chini juu ya chungu cha nili, usidhani kwamba nazungumzia jambo geni kwa Kiswahili.

Abeokuta iko takriban kilomita 100 kaskazini mwa Lagos. Iliasisiwa mwaka 1830 na Waegba, tawi la Wayoruba, waliokuwa wakikimbia vita vilivyoteketeza vijiji vyao. Walijificha kwenye mwamba mkubwa uitwao Olumo, na jina la mji wao lina maana ya “chini ya mwamba”. Kutia nguo nili kulikuwa kazi ya wanawake wa Kiyoruba tangu zamani, na kazi hiyo ilikuwa na mlinzi wake wa kiroho, Iya Mapo, anayelinda kazi za mikono za wanawake. Kilichoigeuza kuwa biashara kubwa ni shuka nyeupe laini kutoka viwanda vya Uingereza. Pamba iliyofumwa kwa mkono ni nzito, na haifungiki kwa mafundo madogo. Shuka ya kiwandani inafungika, na inapokea rangi vizuri. Reli iliyotoka Lagos kupitia Abeokuta hadi kufika Ibadan mwaka 1901 ilirahisisha safari za mizigo. Wanawake wa Abeokuta walichukua bidhaa ya mkoloni, wakaifanyia kazi ya akili na mikono, wakaiuza kwa thamani mpya.

Kazi iligawanywa. Aladire alinunua shuka na kuandaa michoro: alifunga kwa nyuzi za mwale, wakati mwingine akiweka mbegu au kijiwe ndani ya fundo ili kupata duara, au alishona mikunjo kwa sindano, au, kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20, alichora kwa uji mzito wa muhogo kwa kutumia unyoya wa kuku au bati lililotobolewa michoro. Kisha alimkabidhi alaro, bingwa wa chungu.

Chungu chenyewe kinastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu ugomvi wote uliofuata ulianzia humo. Majani mabichi ya mnili, ambao Wayoruba huuita elu, yalitwangwa, yakafinyangwa kuwa madonge, yakaanikwa. Majivu yaliwekwa katika chungu chenye matundu na kumiminiwa maji, na maji hayo yalichuja polepole, tone kwa tone, yakitoka na ukali wa magadi. Madonge ya nili yalilowekwa katika maji hayo kwa siku kadhaa hadi yachachuke. Hapo ndipo penye ajabu, maana nili haiyeyuki katika maji matupu. Ni lazima maji yawe na ukali wa majivu, na ni lazima uchachu uiondolee hewa. Ndipo inapoyeyuka, na inapoyeyuka hupoteza ubuluu wake. Nguo ikitolewa chunguni huwa ya kijani-manjano. Ikikutana na hewa, buluu hujitokeza mbele ya macho yako, kama mtu anayerejewa na fahamu. Ili ubuluu ukolee, nguo huchovywa tena na tena. Alaro alionja maji kwa ulimi, akanusa povu, akajua kama chungu kiko tayari. Mikono yake ilibaki na ubuluu usiotoka kwa sabuni.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, adire ya Abeokuta ilikuwa ikinunuliwa na wafanyabiashara kutoka nchi nyingine za Afrika Magharibi, hata Senegal. Wanawake wengi walichukua shuka kwa mkopo kutoka kwa makampuni ya Kizungu, wakalipa baada ya kuuza. Mkopo wa namna hiyo ni mtamu soko likichangamka. Miaka ya 1930, mdororo wa uchumi wa dunia ulipofika, bei ya adire ilianguka, lakini deni la shuka halikuanguka nayo.

Njia ya kupunguza gharama ilikuwepo. Tangu mwaka 1897 Wajerumani walikuwa wakiuza nili iliyotengenezwa kiwandani, na kostiki soda, ile wanayotumia watengeneza sabuni, ingeweza kufanya kwa saa chache kazi ambayo majivu yalifanya kwa siku. Alaro aliyetumia vitu hivyo hakuhitaji kuchoma kuni nyingi wala kungoja uchachu. Kasoro yake ni kwamba kostiki soda haina huruma: ikizidi, huunguza ngozi ya mtu na nyuzi za pamba. Wanunuzi wakaanza kulalamika kwamba nguo zinachujuka na kuchanika.

Mtawala wa Waegba, mwenye cheo cha Alake, alikuwa Ademola wa Pili, aliyetawazwa mwaka 1920. Chini ya utawala wa Waingereza, yeye peke yake ndiye aliyekuwa mamlaka ya wenyeji mbele ya serikali. Aliamua kwamba kostiki soda na nili ya kiwandani zipigwe marufuku. Kwa nje uamuzi huo unaonekana kuwa wa busara, na sitaki kumdhulumu: alitaka kulinda sifa ya bidhaa ya mji wake. Hata hivyo, wanawake wengi wa vyungu waliipinga marufuku hiyo, na mwaka 1936 suala lao lilifikishwa mbele ya tume ya uchunguzi.

Hebu tafakari maana ya tukio hilo. Wanawake ambao hawakuwa na kiti katika baraza lolote walisimama kueleza, mbele ya watu ambao hawajawahi kutumbukiza mkono chunguni, jinsi chungu kinavyofanya kazi. Mimi naona kwamba hoja ya kostiki soda ilikuwa nusu tu ya hoja yao. Nusu ya pili ilikuwa kwamba aliyetunga amri hakuwauliza. Amri nzuri isiyowauliza wanaoishi chini yake huonekana kwao kama amri mbaya, na mara nyingi hawakosei.

Mwaka mmoja kabla ya tume hiyo, 1935, ilikuwa jubilei ya miaka 25 ya Mfalme George wa Tano, na mchoro wa adire wenye sura ya mfalme na malkia ulivuma sana. Wanawake walimtia mfalme katika nili na kumuuza kwa dhira. Sijui kama kuna picha bora ya uraia wa kikoloni kuliko hiyo.

Sasa tuje kwenye kodi. Abeokuta ilitozwa kodi ya kichwa kuanzia mwaka 1918, na mwaka huohuo watu walipigana na serikali kwa sababu yake, katika vita viitwavyo vya Adubi. Jambo lililoitofautisha Abeokuta na sehemu nyingi za Nigeria ni kwamba wanawake walitozwa peke yao, mbali na waume zao. Wasichana walianza kulipa wakiwa na umri wa miaka 15, wavulana 16. Walitozwa kodi kama watu wazima huru; ilipofika zamu ya kuamua fedha hizo zitumikeje, wakahesabiwa kama watoto.

Vita vya Pili vya Dunia viliongeza mzigo. Shuka kutoka Uingereza zikawa adimu, bei zikadhibitiwa, na wachuuzi wa mchele wakanyang'anywa mchele wao sokoni. Hapo ndipo jina la Funmilayo Ransome-Kuti linapoingia. Wengi wenu mnamfahamu mwanawe, Fela, mwanamuziki. Wakati umefika mumfahamu mama. Alizaliwa Abeokuta mwaka 1900, akasoma Uingereza, akawa mwalimu, akaolewa na mchungaji aliyekuwa mwalimu mkuu. Alianzisha klabu ya wanawake waliosoma, ambao walikutana kujifunza upishi na adabu za mezani. Kisha wachuuzi wa sokoni wakaanza kuja kujifunza kusoma na kuandika, nao wakaleta habari za mchele na kodi. Mwaka 1946 klabu ile ikawa Muungano wa Wanawake wa Abeokuta, wazi kwa wasomi na wasiosoma. Yeye mwenyewe aliacha magauni ya Kizungu, akavaa nguo za kujifunga kama wanawake wa sokoni, na hadharani akazungumza Kiyoruba, hata kama maofisa wa Kiingereza waliokuwepo walihitaji mkalimani. Kwa mwalimu wa lugha, hilo la mwisho si jambo dogo.

Walidai kodi ya wanawake iondolewe, makampuni ya kigeni yatozwe zaidi, na mamlaka ya mtu mmoja yafutwe ili liwepo baraza lenye wawakilishi, wanawake wakiwemo. Waliponyimwa kibali cha kuandamana, walitangaza kwamba wanakwenda mandari. (Andikeni neno hilo: mandari ni matembezi ya burudani, watu wakichukua chakula chao na kula nje.) Mwishoni mwa Novemba 1947 maelfu ya wanawake, ambao idadi yao hukadiriwa kupita 10,000, walikwenda “mandari” mbele ya kasri la Alake, wakakaa hapo usiku kucha wakiimba nyimbo za kumkebehi. Desemba wakarudi tena. Miongoni mwao walikuwemo wachuuzi wa nafaka, wauza nguo, na wanawake wenye mikono ya buluu.

Mwaka 1948 kodi ya wanawake ilisimamishwa, na Alake akaondoka mjini. Tarehe 3 Januari 1949 aliachia madaraka rasmi, na wanawake wakapata viti katika baraza. Kwa uaminifu wa historia niongeze kwamba alirejea katika kiti chake mwishoni mwa mwaka 1950. Wanafunzi hawapendi sehemu hii. Wangependa hadithi iishie kwenye ushindi. Lakini alirudi katika mji ambao wanawake wake walikuwa wamekwisha kuona kwamba kiti kile kinaweza kuwa kitupu.

Adire yenyewe ilififia. Vitenge vya kiwandani vyenye rangi nyingi viliwavutia vijana, na buluu moja ikaonekana kuwa vazi la bibi. Kisha katika miaka ya 1960 ikafufuka kwa sura mpya, ikiwa na rangi za kemikali nyekundu, zambarau na manjano, na huyo ndiye kampala tuliyeanza naye. Cha ajabu ni kwamba rangi nyingi za kampala hutumia kostiki soda, kitu kilekile kilichogombaniwa miaka ya 1930. Siku hizi watiaji rangi wa Itoku wana malalamiko mengine: vitambaa vilivyochapwa viwandani ng'ambo kwa kuiga michoro yao, vinavyouzwa kwa bei ambayo mikono haiwezi kushindana nayo.

Nirudi sasa kwenye mkeka wetu, kwa ajili ya yule atakayejaribu nyumbani kwa mara ya kwanza. Usianze na kostiki soda. Tafuta rangi ya pamba inayoshika katika maji ya baridi, na magadi soda ya kufulia. Shati liwe la pamba tupu, maana polyester haishiki rangi hiyo. Lifue kwanza, hata kama ni jipya, kwa sababu wanga wa kiwandani huzuia rangi kama uji wa muhogo unavyozuia. Liloweke katika maji ya magadi kwa robo saa, ulikamue, kisha ulikunje na kulifunga. Kwa duara, bana kitambaa katikati kwa vidole viwili, kizungushe kama chapati inayokunjwa, kisha kaza kamba. Penye kamba iliyolegea hapatabaki weupe. Vaa glavu, funika pua unapokoroga unga wa rangi, na chombo utakachotumia kisirudi tena jikoni. Rangi ikishaingia, lifungie shati katika mfuko wa plastiki hadi kesho yake.

Hapo kwenye kungoja ndipo wanafunzi wangu walipotaabika zaidi. Watatu walifungua mifuko jioni ileile, wakasuuza, na rangi ikaenda na maji. Yule aliyeuliza swali alingoja hadi asubuhi. Alisuuza kwa maji ya baridi, kamba zikiwa bado zimefungwa, hadi maji yakawa meupe. Akafungua, akafua kwa maji ya moto na sabuni. Duara lake halikuwa katikati ya kifua kama alivyopanga. Lilikuwa limehamia karibu na kwapa la kushoto.

Nilimfundisha jambo moja zaidi ambalo mnunuzi yeyote anaweza kulitumia, Itoku au Owino: geuza nguo ndani nje. Iliyochapwa kwa upande mmoja huwa na mgongo uliopauka. Iliyofungwa na kuchovywa ina rangi pande zote mbili, na ukitazama vizuri utaona alama ndogo ndogo za mikunjo mahali kamba ilipobana. Aligeuza shati lake, akalitazama, kisha akalivaa hivyohivyo, ndani nje, akaenda nalo nyumbani.